Bunge la vijana: namna ya kupokea kikosi cha wajitoleaji Iga Barrière

Kabla mkutano wa bunge la vijana haujafunguliwa, kuna watu ambao wamekwisha kufanya kazi siku mbili ao tatu. Ndio waliopanga viti, waliochota maji, waliotafuta nyumba za kulala wageni na waliosimama njiani kungojea gari. Watu hao ni wajitoleaji. Wengi wanawaita kwa Kifaransa « bénévoles ». Majina yao hayasomwi siku ya kufunga mkutano, lakini wakipokelewa vibaya, mkutano wenyewe unaanza na mguu mubaya.

Maelezo haya yanaonyesha bunge la vijana ni kitu gani, kwa nini lina uzito katika Ituri, na vile kikosi cha wajitoleaji kinaweza kupokelewa vizuri katika kituo kama Iga Barrière.

Bunge la vijana ni nini?

Bunge la vijana si bunge la serikali. Bunge la taifa kule Kinshasa lina wabunge 500, na Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema mutu anaweza kugombea kiti hicho akiwa na miaka 25. Kwa seneta na kwa prezidenti wa nchi, ni miaka 30. Lakini kupiga kura kunaanza kwa miaka 18. Ni kusema kijana wa miaka 18 anaweza kuchagua mbunge, lakini yeye mwenyewe anangojea miaka saba kabla ya kuchaguliwa.

Bunge la vijana linafanya kazi katikati ya miaka hiyo. Vijana wanakaa pamoja, wanaiga kazi ya wabunge: wanachagua prezidenti, makamu wake, mwandishi wa ripoti na mtunza mali. Wanajigawa katika tume, mfano tume ya masomo, tume ya usalama, tume ya kazi. Wanajadili kwa zamu, wanapiga kura, mwishoni wanatoa mapendekezo.

Neno « mapendekezo » lisikike vizuri. Bunge la vijana halitungi sheria, halipangi kodi, wala haliwezi kumfukuza mkubwa kazini. Nguvu yake ni kuandika shida za vijana kwa njia ya wazi, kuzipeleka kwa wakubwa na kuuliza jibu. Katiba yenyewe inatoa msingi: kifungu cha 42 kinalazimisha serikali kulinda vijana katika afya, elimu na maendeleo yao, na kifungu cha 43 kinasema vyama vya vijana vina kazi ya kulea na kufundisha, na serikali inapaswa kuvisaidia.

Majirani wanafanya namna gani?

Nchi za jirani zimekwenda mbele kidogo, kwa kuingiza vijana ndani ya bunge lenyewe. Uganda ina viti 5 vya wawakilishi wa vijana katika bunge la taifa. Rwanda, kati ya wabunge 80, wawili wanachaguliwa na baraza la taifa la vijana. Kenya, Katiba ya 2010 imeweka vijana wawili katika Seneti, mwanaume mmoja na mwanamke mmoja. Tanzania ilianzisha Baraza la Watoto mwaka wa 2002.

Kwa Afrika nzima kuna Mkataba wa Vijana uliopitishwa Banjul, Gambia, tarehe 2 Julai 2006. Mkataba huo unamwita kijana mutu wa miaka 15 mpaka 35. Umoja wa Mataifa, katika azimio namba 2250 la tarehe 9 Desemba 2015 juu ya vijana, amani na usalama, unahesabu miaka 18 mpaka 29. Kwa sababu hesabu hizo hazifanani, wanaotayarisha mkutano wanapaswa kusema mapema wanafuata ipi. Bila vile, mutu wa miaka 34 atafika na barua yake mkononi, na mjitoleaji wa mlangoni ndiye atakayebeba aibu ya kumrudisha.

Sababu gani ina uzito Ituri?

Katika Ituri, vijana waliitwa na bunduki kabla ya kuitwa na meza ya mazungumzo. Katika vita vya 1999 mpaka 2003, vikundi vya pande zote vilitumia watoto. Hukumu ya kwanza kabisa ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, kule La Haye, tarehe 14 Machi 2012, ilitoka Ituri: Thomas Lubanga alipatikana na kosa la kuandikisha na kutumia watoto wa chini ya miaka 15 katika vita, kiisha alipewa kifungo cha miaka 14. Mtoto aliyekuwa na miaka 12 wakati ule, leo ni mutu mzima mwenye watoto wake.

Tangu mwisho wa mwaka wa 2017 mauaji yalirudi katika teritwari ya Djugu. Watu wengi walikimbia vijiji, masomo yakakatika, mashamba yakabaki bila mwenyewe. Usiku wa tarehe 1 kuamkia 2 Februari 2022, watu karibu 60 waliuawa katika kambi ya wakimbizi wa ndani ya Plaine Savo. Kijana anayekaa katika hali hiyo anaitwa na pande mingi: kuna dhahabu, kuna kikundi chenye silaha, kuna njia ya kukimbilia Uganda. Kumwita katika mkutano ni kumpa mwito mwingine.

Kuna pia jambo la uongozi. Tarehe 6 Mei 2021, Ituri na Kivu ya Kaskazini ziliingia katika hali ya dharura ya kijeshi, ile inayoitwa « état de siège ». Gavana wa kijeshi alichukua nafasi ya gavana wa kiraia, na bunge la mkoa lilisimamishwa. Wakati wabunge wa mkoa hawakutani, mahali pa raia kusema kwa sauti panapunguka. Mkutano wa vijana hauwezi kuchukua nafasi ya bunge hilo, lakini unaweza kuwa mlango mmoja uliobaki wazi.

Iga Barrière, mahali pa kukutana

Iga Barrière iko katika teritwari ya Djugu, kaskazini ya Bunia, kwenye barabara ya taifa namba 27. Kutoka Bunia ni kilomita kama 25. Anayetoka Mahagi ao Aru kwa barabara hiyo anapita hapo. Anayekwenda upande wa Mongbwalu, kwenye dhahabu, anapita hapo pia. Wa Irumu na Mambasa wanapanda kutoka Bunia. Ndiyo maana kwa teritwari zote tano za mkoa, Iga Barrière si mbali sana na njia ya mutu yeyote.

Lakini kupita na kufika salama si kitu kimoja. Katika mkoa huu msafiri anajua vizuizi vya barabarani, anajua pia hofu ya kuulizwa « wewe ni wa wapi? » na mutu mwenye silaha. Kwa sababu hiyo, kazi ya kwanza ya kikosi cha mapokezi ni ya barabarani. Majina ya wageni, saa ya kutoka na namba ya gari yanaandikwa mapema. Wakubwa wa mahali na polisi wanapewa barua mapema, kwa sababu amri ya tarehe 3 Mei 2021 juu ya hali ya dharura iliwapa wakubwa wa kijeshi uwezo wa kukataza mikutano inayoweza kuleta fujo. Barua iliyopigwa muhuri inapaswa kuwa na mjitoleaji aliye njiani, isibaki ndani ya sanduku la ofisi. Safari zinapangwa mchana. Gari likichelewa, kuna mutu mmoja anayejulikana wa kupigiwa simu, si watu kumi wanaopiga kila upande.

Nani anakaa katika kikosi?

Kikosi kizuri kinagawanywa kwa kazi: mapokezi na kuandika majina, usalama wa mlangoni, chakula na maji, malazi, afya ya dharura, kutafsiri, na habari. Kila kazi ina kiongozi mmoja.

Lakini kuna hesabu nyingine ambayo haiandikwi kwenye karatasi. Mgeni akifika na kukuta wajitoleaji wote ni wa avenue moja, wa kanisa moja ao wa kabila moja, atahesabu kimya kimya. Atajiuliza kama mkutano ni wa vijana wote ao ni wa wenyewe. Ndiyo maana kikosi kinapaswa kuchanganywa tangu siku ya kwanza: wakaaji na wakimbizi wa ndani, wasichana na wavulana, wanafunzi na wale walioacha masomo juu ya machimbo, wakatoliki, waprotestanti na waislamu. Kuchanganya pia kunafanyika ndani ya kila kazi. Kuwaweka wa upande mmoja mlangoni na wa upande mwingine jikoni si kuchanganya.

Lugha inasaidia hapo. Kiswahili kinaunganisha wengi, lakini si wote wanakisema kwa raha. Katika Djugu kuna Kilendu, Kinyali, Kialur na nyingine. Tena Wahema wengi wa kaskazini, katika Djugu hiyo hiyo, wanasema Kilendu tangu zamani. Mara mingi mtafsiri mmoja anaweza kusaidia watu ambao wengine wanafikiri hawawezi kusikilizana. Kutambua jambo hilo mlangoni, kwa salamu tu, kunapunguza baridi kuliko hotuba.

Mapokezi yenyewe

Wajitoleaji wanapokelewa kabla ya wajumbe, siku moja ao mbili mbele. Wazee wa mahali wanapashwa habari, na mmoja wao anawasalimia, maana mgeni anayejulikana na mzee wa kijiji anatembea bila kuulizwa ovyo.

Salamu ni ile ya nyumbani: « Karibuni, mulisafiri muzuri? » Kiisha maji ya kunawa. Tangu Ebola ya 2018 mpaka 2020, iliyoua zaidi ya watu 2.200 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, ndoo ya kunawia mikono si mapambo. Chakula kinafuata kabla ya maelezo: bugali, sombe, maharagi, ao samaki wa ziwa Albert kama makuta yanaruhusu. Mutu mwenye njaa hasikii ratiba.

Baada ya chakula, kila mjitoleaji anapewa alama ya kuvaa, kazi yake kwa maandishi, saa ya kuanza na kumaliza, na jina la kiongozi wake. Anaonyeshwa pia choo, mahali pa kulala, kituo cha afya kilicho karibu na njia ya kutokea kama kuna hatari. Mambo hayo yakisahauliwa, maswali yatakuja usiku.

Malazi katika jamaa ni ya bei ndogo na yanajenga urafiki, lakini yanahitaji uangalifu. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inalinda kila mutu wa chini ya miaka 18 kama mtoto. Mjitoleaji wa umri huo anakuja na ruhusa ya wazazi, hafanyi kazi ya usiku, halali na watu wazima asiowajua. Wasichana wanapewa malazi yao, na mwanamke mmoja wa kuaminiwa anatajwa mbele ya wote kuwa ndiye wa kuelezwa kama kuna mutu anawasumbua. Sheria mbili za tarehe 20 Julai 2006 juu ya makosa ya ubakaji na unyanyasaji wa kimwili zinahusu mkutano wa vijana sawa na mahali pengine.

Neno la makuta

Hapa ndipo wengi wanagombana. Mjitoleaji halipwi mshahara, ni kweli. Lakini kujitolea si kupata hasara. Pesa ya motari, chakula, maji na simu ya kazi inapaswa kutoka kwa waliomwita. Kinachovunja moyo si pesa kidogo, ni pesa iliyoahidiwa kwa mdomo, ikachelewa, kiisha ikakatwa bila maelezo. Dawa yake ni rahisi: kiasi kinasemwa siku ya kwanza mbele ya wote, kinaandikwa, kila mmoja anaweka saini anapopokea, na mtunza mali anasoma hesabu kabla ya watu kutawanyika. Kama hakuna pesa, inasemwa pia siku ya kwanza. Kijana anaweza kukubali kazi ya bure. Uongo ndio hataukubali mara ya pili.

Baada ya mkutano

Wajumbe wakienda, wajitoleaji ndio wanaobaki Iga Barrière. Wao ndio watakaoulizwa sokoni: vijana walisema nini, na wakubwa walijibu nini? Kwa hiyo nakala ya mapendekezo wapewe nao pia. Kikao kifupi kinafanyika: nini kilienda vizuri, nini kiliharibika, nani anahitaji kusindikizwa. Hati ya kushukuru yenye muhuri inasaidia kijana anayetafuta kazi, maana kwa wengine itakuwa karatasi ya kwanza yenye jina lao tangu walipoacha masomo.

Kiisha tume ndogo ya kufuatilia inachaguliwa, na angalau mmoja wa kikosi anakaa ndani. Inaandika kila pendekezo, ilipelekwa kwa nani, tarehe gani, na jibu gani lilirudi. Kama jibu halijarudi baada ya miezi mitatu, linaulizwa tena, kwa barua na kwenye radio. Vijana waliosimama barabarani siku ya mapokezi watajua hivyo kama walisimamia kitu ao walisimama bure.