Sosiometria ya picha

Sosiometria ya picha ni njia ya kupima urafiki kati ya watoto wa shule ya awali (chekechea), ambao bado hawajui kusoma wala kuandika. Watafiti huitumia pia kuchunguza kama mwalimu anajua kweli nani ni rafiki wa nani darasani mwake.

Historia

Sosiometria ilianzishwa na Jacob Moreno (1889-1974), tabibu wa akili mzaliwa wa Bucharest, Romania, aliyehamia Marekani. Katika kitabu chake cha mwaka 1934 alilinganisha makisio ya walimu na chaguo za wanafunzi wenyewe: makisio yalizidi kukosea kadiri wanafunzi walivyokuwa wakubwa. Njia ya picha ilitolewa na Boyd McCandless na Helen Marshall mwaka 1957.

Utaratibu

Mtoto huitwa peke yake, huonyeshwa picha za wenzake wote, kisha huulizwa anapenda kucheza na nani. Bila picha, mtoto wa miaka minne huelekea kumtaja aliye mbele ya macho yake na kumsahau aliyebaki nyumbani mgonjwa. Mwaka 1979 Steven Asher na wenzake walibadilisha utaratibu: mtoto huweka kila picha katika kisanduku chenye sura ya furaha, ya kawaida au ya huzuni. Hivyo hakuna mwenzake anayerukwa.

Tofauti na maoni ya walimu

Mwalimu huona nani amekaa na nani, lakini watoto wawili wanaweza kuwa pamoja kwa sababu tu ndoo ya mchanga ni moja. Mildred Parten aliwahi kueleza, mwaka 1932, jinsi watoto wanavyocheza bega kwa bega bila kushirikiana.

Anayepigana huonekana mara moja. Aliye mgumu kuonekana ni mtoto mkimya na mtiifu ambaye hakuna anayemchagua: hasumbui mtu, kwa hiyo hudhaniwa yuko salama. Tangu mwaka 1982, kufuatia kazi ya John Coie na wenzake, watafiti wengi hutenganisha mtoto anayekataliwa na anayepuuzwa.

Hata hivyo jibu la mtoto nalo si hakika. Aliyenyang'anywa mwanasesere asubuhi anaweza kumkana rafiki yake wa kila siku, jambo ambalo mwalimu asingelikosea.

Swali la "hupendi kucheza na nani?" lina ubishi, na baadhi ya watafiti hawaliulizi kabisa.