Binti wa nani? Mayatima wa Tengeru na swali la shehe



Mwezi uliopita tulivuka bahari kwenda Tanga, tukashuka Muheza, tukapanda hadi Sigi kumfuata bi harusi wetu. Wengi mnaijua Amani, Sigi hamuijui. Ni chini yake, pale msitu wa Usambara Mashariki unapoanza. Wajerumani walijenga kareli kembamba kutoka Tengeni mpaka hapo kwa ajili ya mbao. Reli haipo tena, lakini nyumba ya mkuu wa stesheni bado imesimama. Siku hizi Sigi ni viungo: iliki, mdalasini, pilipili manga, karafuu. Tuliposhuka kwenye gari, harufu ilitupokea kama tuko kwetu.

Bi harusi huyu si mtu wa milimani kwa asili. Kazaliwa Pemba. Baba yake alifariki naye mdogo, mama akafuata, na akiwa na miaka sita alipandishwa chombo Wete akaletwa kwa mjomba wake, ndugu wa mama, aliyekwisha hamia Sigi kulima. Mjomba kamlea kama mwanawe, kamsomesha chuo na skuli. Mwenyezi Mungu amlipe.

Usiku wa hina, piko likisubiri kukauka, wasichana walikuwa wanaangalia tamthilia ya Kiingereza kwenye simu: mayatima wa zamani wanapakiwa melini, kila mmoja na kijisanduku chake, wanapelekwa ng'ambo kwa wazee wasiowajua. Tukawaambia mambo hayo yalitokea kweli. Kuanzia 1869 Waingereza walipeleka Canada peke yake watoto zaidi ya 100,000, na wengi wao hata mayatima hawakuwa. Walikuwa na mama zao hai, maskini tu. Mmoja akauliza, "Kwa hiyo ni mambo ya Ulaya?" Hapana. Tanganyika nayo ina kisa chake, na reli inayopita Muheza, pale tuliposhukia, imo ndani yake.

Mwaka 1940 na 1941 Wasovieti waliwahamisha kwa nguvu maelfu kwa maelfu ya Wapolandi, wakawapeleka Siberia na Kazakhstan. Baridi, njaa, kukata magogo. Baada ya Ujerumani kuivamia Urusi, Stalin aliwafungulia, na mwaka 1942 zaidi ya watu 110,000, askari na raia, wakavuka bahari ya Caspian wakaingia Iran kupitia bandari ya Pahlavi. Wengi walikuwa wamebaki mifupa, na njiani watoto waliwazika mama zao. Iran iliwapokea. Isfahan ilijaa watoto wa Kipolandi hata ikaitwa mji wa watoto hao, na Waislamu wa pale waliwatendea wema ambao hata uzeeni hawakuusahau. Sehemu hii ya historia hatuisikii mara nyingi, ndiyo maana tumeisimamia kidogo.

Kutoka Iran, karibu 20,000 waliletwa Afrika Mashariki na Kusini. Meli zilitia nanga Mombasa, Dar es Salaam, na Tanga pia. Walioteremkia Tanga na kupelekwa kaskazini walipandishwa treni iliyopita Muheza na Korogwe, ikizunguka miguu ya Usambara, mpaka upande wa Arusha. Kambi kubwa ilikuwa Tengeru, chini ya mlima Meru, karibu na ziwa Duluti. Walikaa kiasi cha watu 5,000, wengi wanawake na watoto, katika vibanda vya duara vya kuezekwa kwa nyasi. Walikuwa na skuli, hospitali, mashamba, na nyumba ya mayatima.

Vita vikaisha, wao hawakuwa na pa kurudi. Kwao kulikuwa kumemegwa na kuingizwa Usovieti, na Warszawa ilishikwa na serikali ya kikomunisti. Kufikia 1949 shirika la kimataifa la wakimbizi lilikuwa linafunga kazi zake, na swali la mayatima wa Tengeru likawa halikwepeki: hawa ni watoto wa nani?

Warszawa ilisema ni wetu, warudishwe. Askofu mkuu wa Montreal, Joseph Charbonneau, alisema yuko tayari kuwadhamini. Watoto wenyewe, hasa waliokwisha kuwa wakubwa, waliulizwa, na wengi walikataa kurudi chini ya watu waliofanana na wale waliowapeleka Siberia. Basi kundi la kama 150 likaondoka Mombasa kwa meli hadi Italia, likakatiza Ujerumani, na Septemba 1949 likafika Halifax, Canada. Waliongozana na padri kijana, Lucjan Królikowski, ambaye mwenyewe alionja Siberia. Poland ilipiga kelele mpaka Umoja wa Mataifa: watoto wetu wameibwa! Nchini Canada wakagawanywa, baadhi kwa familia, baadhi shule za watawa, wakubwa kwenye kazi. Padri yule aliendelea kuwafuatilia miaka mingi. Alifariki 2019 akiwa na miaka 100.

Tulipofika hapo bi harusi, aliyekuwa kimya muda wote, akasema, "Hao angalau waliulizwa."

Nasi tukamkumbuka Zaid bin Haritha, Allah amridhie. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa soko la Ukaz, akafika kwa bibi Khadija, naye akampa Mtume, s.a.w. Baba yake alimtafuta mpaka akamkuta Makka, akaja na fedha za kumkomboa. Mtume hakutaka fedha. Alisema aulizwe kijana mwenyewe, akichagua baba yake aende naye bure. Zaid akachagua kubaki. Watu wakamwita Zaid bin Muhammad, hadi ilipoteremka aya ya 5 ya Surat al-Ahzab ikiamrisha walelewa waitwe kwa baba zao waliowazaa. Akarudi kuwa bin Haritha. Mapenzi hayakupungua hata chembe, nasaba tu ndiyo iliyorudishwa mahali pake.

Ndipo tukaona tofauti. Kwa Zaid alikuja baba, na machozi yake. Kwa mayatima wa Tengeru ilikuja serikali, na karatasi zake. Sisi hatuoni kuwa waliibwa. Lakini kumpeleka mtoto hadi upande wa pili wa dunia, hali wengine walikuwa na jamaa waliobaki Poland, si jambo dogo, na hatuwezi kulisifu kwa mdomo mmoja.

Sasa turudi Sigi, maana tulikuwa na letu. Kadi za harusi mjomba alishazichapisha, na jina lake limekaa pahala pa baba. Vyeti vya skuli ni hivyo hivyo. Hakukuwa na ubaya, ilikuwa mazoea tu. Shehe alipokuja jioni kuandika, akauliza la kwanza, "Binti wa nani?" Mjomba akajitaja. Shehe akamtazama. "Wewe ni ndugu wa mama. Walii ni wa upande wa baba. Yuko nani?" Ukumbi ukawa baridi. Mama mmoja akaanza kunung'unika kwamba aliyelisha ndiye baba. Mjomba mwenyewe ndiye aliyemnyamazisha.

Alikuwepo ami mmoja, kaka wa marehemu, Wete, ambaye hawakuonana na msichana tangu siku ile ya chombo. Simu ikapigwa usiku ule ule. Nikaha ikasogezwa siku mbili, wali wa watu 80 ukaliwa na majirani (na sisi, tusidanganye). Ami alifika Alhamisi alasiri, mzee mwembamba mwenye kanzu iliyokunjamana kwa safari, mkononi kikapu cha karafuu, kana kwamba Sigi hakuna karafuu. Bi harusi hakumtambua. Mzee alisimama mlangoni akamwita kwa jina lake na la baba yake, yote mawili kwa pamoja, na mwali na piko lake jipya akakimbia nje bila viatu.