Kopo la Mwaka 1974

Siku ya tano baada ya kujifungua nilivuka kwenda Busisi nikiwa na mtoto anayelia njaa na matiti magumu kama mawe. Ilikuwa Agosti 2025. Daraja la J.P. Magufuli lilikuwa limefunguliwa Juni 19, na safari iliyokuwa ikila nusu saa na zaidi juu ya kivuko, ukiacha foleni, sasa ilikwisha kwa dakika chache. Abiria wenzangu walikuwa wanapiga picha ziwa. Mimi nilikuwa nimeng'ata pindo la kanga.

Chuchu zote mbili zilikuwa zimechanika. Mtoto akishika tu, machozi yalinitoka. Usiku uliotangulia nilikuwa nimeshaamua: nikifika nyumbani namtuma mdogo wangu dukani akalete maziwa ya kopo. Nimesoma, nina kazi, pesa ya kopo haikosekani. Niteseke kwa nini?

Bibi aliposikia habari ya kopo hakunigombeza. Alimpokea mtoto, akampakata, akakaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Mayu, mimi kopo nalijua."

Bibi hahesabu miaka kwa tarakimu. Husema "mwaka wa kuhamishwa", yaani 1974, Operesheni Vijiji ilipowakusanya watu kwenye vijiji vipya, huku ukame umekausha mashamba. Mwaka huo alijifungua mtoto wake wa kwanza, kabla ya mama yangu. Wiki ya tatu titi moja lilivimba, likawa jekundu, akashikwa na homa. Waliomzunguka walimwambia maziwa yameharibika, yatamdhuru mtoto. Akaacha kunyonyesha upande ule, kisha na upande wa pili ukaanza kupungua. Babu akauza mbuzi, akavuka kwenda Mwanza mjini, akarudi na kopo lenye picha ya mtoto mnene.

Kopo la siku chache walilivuta wiki tatu. Kijiko kimoja badala ya vinne, maji ya ziwani, kuni za kuchemshia zikiwa za kuhesabu. Mtoto aliharisha. Hakufikisha miezi mitatu.

"Sikuwa mjinga," bibi aliniambia. "Nilitaka awe kama yule wa kwenye picha."

Ninasoma historia, na nilipomsikiliza kuna kitu kilinigonga. Mwaka huohuo wa 1974, shirika la War on Want la Uingereza lilichapisha kijitabu cha mwandishi Mike Muller, The Baby Killer, kuhusu maziwa ya unga yanavyouzwa katika nchi maskini: matangazo yenye watoto wanene, na nyumba zisizo na maji safi wala fedha za kopo la pili. Kisa cha bibi yangu kilikuwa kinaandikwa London naye asijue.

Wala haikuwa habari mpya. Mwaka 1939 daktari Cicely Williams, aliyekuwa amewahi kufanya kazi Gold Coast, Ghana ya leo, na kuutambulisha ugonjwa wa kwashakoo kwa madaktari wa Ulaya, alisimama mbele ya Klabu ya Rotary ya Singapore akatoa hotuba aliyoiita "Maziwa na Mauaji". Ng'ambo ya ziwa letu hili hili, Kampala, Derrick Jelliffe alifundisha tiba ya watoto Makerere miaka ya 1960, na baadaye akabuni jina la utapiamlo unaoletwa na biashara. Waliokuwa na maarifa walikuwepo. Hayakufika Busisi, picha ya mtoto mnene ilifika.

Mei 1981, huko Geneva, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za kudhibiti uuzaji wa maziwa mbadala. Nchi 118 zilikubali, 3 hazikupiga kura upande wowote, na moja tu ilikataa: Marekani. Tanzania iliweka kanuni zake mwaka 1994. Ndiyo maana leo huoni tangazo la maziwa ya kopo ukutani kwenye wodi ya wazazi. Hata hivyo, kanuni inaweza kuondoa tangazo tu. Haiwezi kukaa na mama saa nane za usiku chuchu zikiwa zinatoka damu.

Kazi hiyo ilifanywa na bibi. Alipozaa mara ya pili, mkunga wa hospitali ya misheni Sengerema alimkalisha akamfundisha, na alichofundishwa ndicho alichonifundisha mimi. Kwanza aliniwekea kitambaa cha maji ya uvuguvugu, akaniambia nikamue kidogo kwa mkono mpaka sehemu nyeusi ilainike, kwa sababu titi lililojaa sana mtoto hawezi kulishika. Kisha akamgeuza mtoto mzima mzima, tumbo lake likagusa tumbo langu, pua ikaelekea chuchu. "Ngoja afungue mdomo kama anapiga miayo. Mlete yeye kwenye titi, usimpelekee titi." Kidevu kiliguse titi, sehemu kubwa ya weusi iingie mdomoni. Siku zote nilikuwa nampa ncha ya chuchu tu, ndiyo maana alikuwa anaitafuna.

Mara ya kwanza haikufaa. Ya tatu nilisikia anameza.

Alinipakaza tone la maziwa yangu mwenyewe kwenye michubuko, akaiacha ikauke. Akanionya juu ya lile lililompata: titi likivimba na kuwa jekundu, usiache kunyonyesha upande huo, maziwa hayajaharibika. Lakini homa ikipanda au siku ikipita bila nafuu, nenda hospitali, kwani huenda ukahitaji dawa. Na hofu ya maziwa kutotosha? "Angalia nepi," alisema. Kliniki baadaye walisema hivyohivyo: kuanzia siku ya tano, nepi sita au zaidi zilizolowa kwa siku, na uzito unaopanda kwenye kadi. Anavyonyonya zaidi, ndivyo maziwa yanavyotengenezwa zaidi. Wapo wanawake ambao kweli hayatoshi, na wanastahili msaada wa daktari, si lawama.

Jioni tulitembea mpaka kivukoni. Bibi aliuza samaki pale miaka mingi. Aliniambia foleni ya kivuko ilikuwa inajaa wanawake wanaonyonyesha, na msichana alijifunza kwa kutazama tu kabla hajazaa. Mimi nililelewa mjini. Kabla ya mwanangu sikuwahi kumtazama mama yeyote akinyonyesha kwa karibu.

Novemba nitarudi kazini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inanipa likizo ya siku 84, kisha hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Wauza samaki wa Busisi hawana mwajiri wa kumdai saa hizo. Nilimuuliza bibi yeye alifanyaje.

"Nilimweka chini ya meza ya samaki," alisema. "Akilia, wateja walisubiri."

Mtoto aliyekaa chini ya meza ile ni mama yangu.