Historia ya kukokotoa mlima: saa za Naismith na chupa ya maji

Leo tuweke kando mambo ya seva na hifadhidata, tuzungumze juu ya milima. Msishtuke, kompyuta itaingia tu. Swali lenyewe ni hili: watu walianza lini kukokotoa muda wa kupanda mlima na kurudi siku hiyo hiyo? Na je, hesabu hizo zinafaa katika nchi kame kama kaskazini mwa Kenya?

Nauliza kwa sababu mimi na wenzangu watano wa kazini tunapanga kupanda Ololokwe, ule mlima wa Samburu wenye kichwa bapa na ukuta mkubwa wa mwamba, unaouona ukiwa kwenye barabara ya Marsabit. Mipango nimeachiwa mimi, eti "wewe ndiwe mtu wa hesabu." Haya basi, tuanze.

Mwaka 1892, mpanda milima wa Scotland aitwaye William Naismith aliandika kanuni fupi sana: hesabu saa 1 kwa kila maili 3 za kwenye ramani, halafu ongeza saa 1 kwa kila futi 2,000 unazopanda. Kwa vipimo vyetu ni kama kilomita 5 kwa saa, na saa 1 zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Hiyo ni programu ya mstari mmoja, iliyoandikwa kabla ya kompyuta kuzaliwa! Mpaka leo wapandaji wanaitumia. Lakini angalia ilikozaliwa. Scotland ni nchi ya mvua, ukungu na vijito. Naismith hakuwa na sababu ya kuweka maji katika hesabu yake. Maji yalikuwa kila mahali.

Sasa rudi nyuma miaka michache, uje huku kwetu. Mwaka 1887, Samuel Teleki wa Hungaria na Ludwig von Höhnel wa Austria waliondoka Pangani na mamia ya wapagazi wa pwani, wakiwa na Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu aliyeyajua mambo ya misafara. Machi 1888 waliliona ziwa ambalo leo tunaliita Turkana. Watu wenye kiu wakateremka katika mawe meusi ya volkano hadi ufukweni, wakaonja, wakakuta maji yana magadi. Kwa sisi waandishi wa programu hapa kuna somo: safu ya "kuna maji: ndiyo au hapana" haitoshi. Lazima uongeze: yanayweka? Mwezi huu yapo? Yanachimbwa kina gani? Wasamburu huchimba visima kwenye mchanga wa mito iliyokauka, na huimba wakiteka maji kuwanyweshea mifugo. Ramani ya mtu wa nje haina habari hiyo. Wao wanayo.

Hatua iliyofuata ilitoka vitani. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Edward Adolph wa Chuo Kikuu cha Rochester na wenzake waliwapima askari katika jangwa la California. Matokeo yao yalichapishwa kama kitabu mwaka 1947. Wakati ule wakubwa wengi jeshini waliamini kwamba askari anaweza kuzoeshwa kuishi na maji kidogo. Adolph alionyesha kwamba haiwezekani. Mtu anayetembea juani hupoteza takriban lita 1 ya jasho kwa saa, na pengine zaidi. Ukijinyima maji, jasho halipungui kwa sababu hiyo. Unakauka tu huku chupa ikiwa imejaa. Jambo jingine: hata maji yakiwepo, watu wanaofanya kazi juani hunywa pungufu ya walichopoteza. Kiu huchelewa kufika.

Kisha kompyuta ikaingia. Mwaka 1993, mwanajiografia wa Marekani Waldo Tobler alichukua takwimu za Eduard Imhof, mchoraji ramani wa Uswisi, akatengeneza fomula hii:

kasi = 6 × e^(−3.5 × |m + 0.05|)

Hapo m ni mwinuko uliogawanywa kwa umbali, na kasi ni kilomita kwa saa. Penye tambarare unapata karibu kilomita 5. Mahali pasipo na njia, alisema, zidisha kwa 0.6.

Miaka saba baadaye mambo mawili yalitokea. Februari 2000, chombo cha anga Endeavour kilipima kwa rada mwinuko wa karibu asilimia 80 ya nchi kavu ya dunia, kwa siku 11. Mei 2000, Marekani iliacha kuvuruga makusudi mawimbi ya GPS ya raia. Ndipo mtu wa kawaida akaweza kukokotoa mlima wowote akiwa mezani kwake. Kwa miaka mingi takwimu za rada kwa Afrika zilikuwa za nukta za mita 90, hadi zile za mita 30 zilipotolewa mwaka 2014. Jiulize, ukuta wa mwamba unaonekanaje ndani ya nukta ya mita 90? Kama mteremko wa kawaida tu!

Hebu tujaribu. Chukua mlima wa mfano: kilomita 8 kwenda, 8 kurudi, mita 1,000 za kupanda. Naismith anasema saa 4 na dakika 52. Tobler anasema saa 4 na dakika 12. Tobler bila njia: saa 7. Mlima ni ule ule, na tofauti ni karibu saa 3. Kwa hesabu ya Adolph, hizo ni lita 3 kwa kila mtu. Sisi ni sita, kwa hiyo ni lita 18. Hapo mtu anaweza kufa kwa sababu ya kuchagua fomula.

Basi programu yangu ndogo inachukua jibu refu zaidi, inaongeza saa 2 za kupumzika, na inatoa lita 9 kwa kila mtu. Ni mzigo wa kilo 9, najua. Tunaondoka saa 11 alfajiri, pamoja na kijana wa huko anayeujua mlima. Kanuni ya kurudi ni hii:

kama saa imefika 5 asubuhi AU maji ya yeyote yamebaki chini ya nusu: rudini

Angalieni neno "yeyote". Si wastani wa kundi. Na mwenye maji machache haambiwi anywe kidogo, kwa sababu Adolph alishafunga mjadala huo mwaka 1947. Kinachopunguzwa ni safari. Kilele kinaweza kusubiri.

Naismith alitupa saa, Tobler akatupa mteremko, Adolph akatupa jasho. Habari ya kisima, kwamba mwezi huu kina maji matamu au kimekauka, bado inabidi uulize watu wa pale. Kwa hiyo kabla ya kuwasha kompyuta, pigeni simu Samburu.