Kitu na Mahali Pake: Kuhusu Hifadhi ya Mambo ya Kale ya Gede

Mtu atokaye barabara kuu ya Mombasa na Malindi akaelekea Watamu hupita, kabla hajaiona bahari, jirani na magofu ya Gede, mji wa mawe uliokuwa na misikiti, kasri, visima na makaburi ndani ya kuta zilizozunguka takriban ekari 45, ukahamwa katika karne ya 17 na kumezwa na msitu. Kwa kuwa majina ya wenye nyumba hizo yamepotea, James Kirkman, aliyeuchimbua mji huo kati ya 1948 na 1958, alizipa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Bakuli la Kaure, Nyumba ya Pesa za Kichina. Mgeni aingiaye leo katika Nyumba ya Mkasi hakuti mkasi. Hana haki ya kulalamika, maana chuma kilicholala karne nyingi katika udongo wenye chumvi, kikitolewa na kuachwa katika upepo wa pwani, hupasuka na kumenyeka tabaka baada ya tabaka hata kisibaki ila unga mwekundu. Hapana budi kitolewe chumvi, kikaushwe, na kuwekwa mahali pasipofikiwa na unyevu. Kwa sababu kama hizo vitu vya pwani vimekusanywa katika Ngome ya Yesu, Mombasa, iliyogeuzwa makumbusho mwaka 1960, na baadaye katika jumba la maonyesho lililojengwa Gede kwenyewe.

Lakini kukiokoa chuma na kutu ni sehemu nyepesi ya kazi. Nashikilia kwamba thamani ya kitu cha kale imo katika nasaba yake na mahali kilipookotwa, na kwamba hifadhi ikiokoa kitu na kuipoteza nasaba hiyo, imeokoa nusu tu, tena nusu iliyo duni. Zitazame pesa za Kichina zilizoipa nyumba ile jina lake: ni mbili, za enzi ya Sung ya Kusini, moja ya Mfalme Ning Tsung (1195–1224), nyingine ya Li Tsung (1225–1264). Ukizikuta sokoni, ni vipande vya shaba vyenye tundu la mraba, na thamani yake haizidi atakachotoa mnunuzi. Ukizikuta ndani ya nyumba iliyojengwa baada ya ufalme wa Sung kwisha kuanguka mwaka 1279, zinaanza kuuliza maswali: zilikuja mpya au zilikuja kuukuu, zilikuwa mali au pambo, na ni nani aliyeziweka akiba muda mrefu hivyo katika mji ambao haukuwa na duka la kuzipokea?

Ushahidi wa nguvu zaidi umo katika vigae. Kirkman, ambaye bidii yake haina shaka, aliuita Gede mji wa Waarabu, na neno hilo akaliweka hata katika anwani ya kitabu chake cha 1954 juu ya uchimbuzi wa Msikiti Mkuu. Macho ya zama zake yalivutwa na kaure ya buluu na nyeupe ya Ming, na kaure ya kijani, na vyombo vya kung'aa vya nchi za Kiislamu. Ilhali sehemu kubwa mno ya vigae vilivyotoka ardhini ni vya vyungu vya udongo vilivyofinyangwa papa hapa pwani na kupikiwa chakula cha kila siku. Wanazuoni waliofuata, miongoni mwao wana wa nchi hii kama George Abungu na Chapurukha Kusimba, wameifasiri upya miji ya mawe kuwa ni ya Waswahili wenyewe, watu wa Afrika waliofanya biashara na dunia na kuupokea Uislamu kwa hiari yao. Juu ya mlango mmoja wa Msikiti Mkuu wa Gede kumechongwa kichwa cha mkuki wenye bamba pana, alama ambayo ni taabu kuinasibisha na Shiraz au Hadhramaut. Fikra hizo mpya zisingalipata miguu ya kusimamia kama vigae vya vyungu vingalitupwa jaani kwa kuwa havina uzuri, au kama vingalichanganywa makasha bila ya kuandikwa vilitoka chumba gani na kina gani. Ni stahili ya Kirkman kusema kwamba aliandika; na kwa sababu aliandika, tunaweza leo kumpinga kwa hoja zake mwenyewe.

Kinyume chake kimeonekana katika makaburi ya nguzo ya pwani hii, ambayo wajenzi waliyapamba kwa mabakuli ya kaure yaliyopachikwa katika lipu ya chokaa, kama yajulikanavyo yale ya Mambrui. Pahali pengi bakuli limeng'olewa, limebaki shimo la mviringo. Bakuli hilo huenda liko salama kabisa katika kabati la mtu, halina ufa, linafutwa vumbi kila wiki. Nalo halisemi neno tena juu ya maiti aliyepambiwa.

Huenda mtu akajibu kwamba haya ni mashughuli ya wachimbuzi, hayawagusi walio hai. Basi na tuondoke Gede, twende maili chache bara, kwa Wagiriama. Kigango ni nguzo ya mti mgumu, kichwa chake mviringo, mwili wake bapa wenye nakshi za pembetatu, na husimamishwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wa Kigiriama. Kikishasimamishwa hakihamishwi. Wenyewe wakihama, hukiacha pale pale, mvua na mchwa wakifanye watakavyo. Kwa muda mrefu vigango vimeng'olewa usiku na kuuzwa kwa wafanya biashara wa vitu vya sanaa, vikaishia Marekani, katika majumba ya watu na katika makumbusho yaliyovipokea kama zawadi.

Mwaka 1985 mwanazuoni Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama amesimama mbele ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda si mrefu vikaibiwa. Mwaka 1999, katika mkutano wa wataalamu wa mambo ya Afrika, Udvardy aliona katika picha zilizoonyeshwa kimoja cha vigango hivyo, kikiwa katika makumbusho moja ya Illinois. Cha pili kikagunduliwa katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Cha Illinois kilirudishwa mwaka 2006, na cha Hampton kikafuata. Makumbusho ya Denver nayo yalikubali mwaka 2014 kurudisha vigango 30, na hivyo navyo vikafika Kenya mwaka 2019. Lakini havikuwa na picha, wala jina la kijiji, wala la mtu, kwa hiyo hapakuwa na mlango wa kuvibishia hodi. Picha moja ya karatasi ilitosha kumrudisha ndugu kwa nduguze, na ulinzi wote wa Denver, pamoja na taa zake na hewa yake iliyopimwa, haukuweza kufanya hivyo kwa hao 30.

Hapa ndipo hoja yangu inaponigeukia, nami siwezi kuikwepa. Nikisema kitu ni cha mahali pake, sina budi kukubali kwamba kigango kilichorudi kwao kina haki ya kuoza. Mhifadhi aliyefunzwa kuua mchwa hulisikia neno hili kama kufuru, na wezi bado wapo. Hata hivyo naona uamuzi si wa makumbusho, ni wa ukoo. Na kwa vile visivyojulikana ukoo wake, kuviweka kwa amana, pasipo kuviita mali, ndiyo heshima iliyosalia.

Kuhusu kuta zenyewe nitasema kidogo. Msitu ulioificha Gede ndio unaoipasua kwa mizizi, na pia ndio unaoipa kivuli. Kila mti unataka hukumu yake. Saruji iliyotumiwa kuziba kuta za matumbawe na chokaa ni dawa mbaya kuliko ugonjwa, kwani hufungia maji ya chumvi ndani, na chumvi ikiganda huing'oa lipu ya kale ambayo fundi alikusudia kuiokoa. Tangu Gede kuingizwa mwaka 2024 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, makosa ya namna hii yatatazamwa na macho mengi zaidi.

Hatari iliyo karibu zaidi iko nje ya uzio. Watamu inajengwa kwa kasi, na kila msingi wa nyumba au hoteli unaochimbwa kati ya Hori la Mida na Malindi unaweza kukuta ukuta au kaburi. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inamtaka aliyekuta kitu cha kale atoe habari katika muda wa siku saba, akitaja mahali hasa na hali kilivyopatikana. Yaani imeamrisha ile ile nasaba niliyoitetea hapa. Mchimbaji wa kibarua hana habari ya sheria hiyo, na msimamizi wake aijuaye anaogopa ujenzi usisimamishwe. Ingefaa kifungu hicho kiandikwe kwa Kiswahili chepesi, kibandikwe katika kila ofisi inayotoa kibali cha kujenga, tangu Kilifi hata Malindi, pamoja na namba ya simu ya mtu wa Gede atakayepokea habari na kufika siku ile ile na daftari lake na kamera, apige picha kabla jembe halijaendelea.