Kutoka Tangi la Mafuta hadi Ghala la Peleti: Historia ya Uhifadhi na Usambazaji wa Peleti za Mbao Majumbani nchini Austria

Utangulizi

Historia ya kupasha nyumba joto katika Ulaya ya Kati kwa kawaida huandikwa kama historia ya moto: meko ya mawe, jiko la chuma, boila ya makaa ya mawe, boila ya mafuta. Mahali nishati inapolala kabla ya kuungua hupewa aya moja au hupitwa kimya. Insha hii inashika upande huo uliopuuzwa. Inachunguza jinsi kaya za Austria zilivyoanza, tangu katikati ya miaka ya 1990, kupokea peleti za mbao bila mifuko, zikipulizwa kwa bomba kutoka kwenye lori hadi chumba kilichotengwa ndani ya nyumba. Hoja inayotetewa ni kwamba mageuzi hayo yalifanikiwa kwa sababu yaliiga mfumo wa mafuta karibu katika kila hatua, na kwamba uigaji huohuo ulichelewesha kutambuliwa kwa hatari ambayo mafuta hayakuwa nayo, yaani kaboni monoksidi inayotolewa na peleti zikiwa zimelala tu, bila moto wowote.

Peleti ni vijiti vifupi vya mviringo, vyenye kipenyo cha milimita 6 kwa matumizi ya nyumbani, vinavyopatikana kwa kushindilia vumbi la mbao na maranda makavu katika matundu ya bamba la chuma. Joto na shinikizo hulainisha lignini iliyomo katika mbao, nayo hushikanisha vumbi hilo. Malighafi ilikuwepo tele, kwa kuwa Austria ni nchi ya misitu na viwanda vya kupasulia mbao. Kilichokosekana ni njia ya kuifikisha nyumbani bila kumrudisha mwenye nyumba kwenye kazi ya kubeba kuni.

Urithi wa chumba cha mafuta

Mgogoro wa mafuta wa mwaka 1973 uliigusa Austria moja kwa moja. Mapema mwaka 1974 kila mwenye gari alilazimika kuchagua siku moja ya juma ambayo gari lake lisingetembea. Hata hivyo, katika nyumba nyingi tangi la mafuta lilibaki palepale. Sababu yake si ukaidi. Mafuta yalikuwa yameiondolea kaya kazi ya kila siku iliyochosha: kupasua kuni, kuzipanga, kuwasha moto alfajiri, kuzoa majivu. Lori lilikuja mara moja au mbili kwa mwaka, mpira ukaunganishwa, na baada ya hapo joto lilijitokea lenyewe. Nishati yoyote iliyotaka kuchukua nafasi hiyo ilipaswa kutoa starehe ileile.

Peleti zilikuwa na sifa moja iliyoziwezesha kufanya hivyo: hutiririka. Gogo halitiririki, na vipande vya mbao vilivyokatwakatwa, ambavyo wakulima wengi walivitumia, hukwama na huhitaji nafasi kubwa. Peleti kavu humwagika kama mahindi, na zikisukumwa kwa hewa hupita ndani ya bomba karibu kama kimiminika. Uswidi na Marekani zilitengeneza peleti kabla ya Austria, lakini nchini Marekani soko la nyumbani lilijengwa juu ya mfuko, ambao mtu huunyanyua na kuumimina ndani ya jiko sebuleni. Mchango mkubwa wa Austria ulikuwa kuifanya peleti iwe bidhaa ya lori la tangi na chumba cha chini ya nyumba.

Hesabu ya nafasi inaeleza mengi. Kilo 2 za peleti hutoa nishati inayokaribia ile ya lita 1 ya mafuta, na mita moja ya ujazo hubeba takriban kilo 650. Kwa hiyo lita 1,000 za mafuta zinahitaji badala yake kama mita 3 za ujazo za peleti. Mafundi walikadiria mita 0.9 za ujazo wa chumba kwa kila kilowati ya joto ambalo nyumba inahitaji. Nyumba ya kilowati 15 ingehitaji chumba cha mita za ujazo 13.5, kwa kuwa sakafu hujengwa kwa mbao zilizoinama pande mbili ili peleti ziteremkie kwenye parafujo ya kuzisukuma, ni theluthi mbili tu ya ujazo huo inayojaa. Hiyo ni karibu mita 9 za ujazo, au chini kidogo ya tani 6, mahitaji ya mwaka mzima. Chumba cha mita 2 kwa 3 kilitosha. Ukubwa huo haukuwa mgeni kwa wenye nyumba, kwani chumba cha tangi la mafuta kilikaribiana nao. Mara nyingi tangi lilikatwa vipande, likatolewa, na peleti zikaingia mahali pake.

Kupuliza bila kuvunja

Kufanana na mafuta kuliishia pale lori lilipowasha mashine ya kupulizia. Mafuta hayavunjiki, peleti huvunjika. Peleti inayosafiri kwa kasi ndani ya mpira hadi ukutani hugeuka tena kuwa vumbi, na vumbi likizidi huziba parafujo na kudhoofisha moto. Malalamiko kuhusu boila katika miaka ya mwanzo hayawezi kueleweka bila kutazama safari ya peleti kati ya lori na ghala. Ubora wa kiwandani ulikuwa nusu tu ya jambo.

Jibu la Austria lilikuwa kuweka viwango vya kitaifa hatua kwa hatua. ÖNORM M 7135 ilihusu peleti yenyewe: unyevu usizidi asilimia 10, na msagiko usizidi asilimia 2.3. M 7136, ya mwaka 2000, ilifuata peleti katika usafirishaji. M 7137, ya mwaka 2003, iliingia ndani ya nyumba ya mteja na kueleza ghala lenyewe. Mfuatano huo, kutoka kiwandani hadi barabarani hadi chumbani, unaonyesha kuwa watunzi wa viwango walikwenda na tatizo kila lilipohamia.

Ghala lililotokana na mchakato huo lina sehemu zinazofahamika kwa kila fundi. Katika ukuta wa nje kuna midomo miwili ya mabomba ya chuma. Mmoja hupokea peleti. Mwingine huunganishwa na feni inayonyonya hewa yenye vumbi wakati wa kujaza, ili chumba kisijae shinikizo. Mkabala na mdomo wa kwanza huning'inizwa pazia zito la mpira, ambalo peleti huligonga badala ya ukuta. Mabomba huwa ya chuma na huunganishwa na ardhi, kwa sababu mkwaruzo wa peleti huzalisha umeme tuli, na cheche ndani ya vumbi la mbao si jambo la kupuuzwa. Kwa sababu hiyohiyo soketi na swichi haziruhusiwi humo. Nyuma ya mlango hupangwa mbao za kuzuia mzigo usimwangukie anayefungua. Dereva huzingatia urefu wa mpira, kwa kawaida usiozidi mita 30, na boila huzimwa kabla ya kazi kuanza.

Orodha hiyo ilikuwa na adui wawili tu: maji na vumbi. Peleti iliyolowa huvimba na kubomoka, na vumbi likivuja huingia sebuleni. Ghala bora, kwa fikra za wakati huo, lilikuwa ghala lililozibwa. Vifuniko vya midomo ya mabomba vilikazwa visipitishe chochote, kama vya tangi la mafuta.

Kabla ya kufikia matokeo ya uzibaji huo, inafaa kutaja kwamba ghala liliihamishia kaya jukumu jingine pia, yaani kubahatisha bei. Katika majira ya baridi ya 2006/07 bei ya peleti nchini Austria ilipanda ghafla, na mauzo ya boila mpya mwaka 2007 yakaporomoka kwa zaidi ya nusu. Aliyejaza ghala lake wakati wa kiangazi aliumia kidogo kuliko aliyesubiri theluji.

Chumba kilichozibwa mno

Msomaji wa Afrika Mashariki anaijua kaboni monoksidi kupitia jiko la mkaa lililoachwa likiwaka katika chumba kilichofungwa. Hapo chanzo kinaonekana. Katika ghala la peleti hakuna kinachowaka. Mafuta asilia yaliyomo katika mbao, hasa katika msonobari, huungana polepole na oksijeni ya hewani. Mchakato huo hula oksijeni na kutoa kaboni monoksidi pamoja na aldehidi zenye harufu kali. Huwa na nguvu zaidi katika majuma ya kwanza baada ya peleti kutengenezwa, yaani wakati uleule zinapofikishwa nyumbani. Gesi yenyewe haina harufu wala rangi.

Utafiti wa Urs Svedberg na wenzake nchini Uswidi, uliochapishwa mwaka 2004, ulibainisha gesi hiyo katika maghala ya peleti na kutaja wazi kwamba inaweza kuwa hatari majumbani. Mwezi Novemba 2006 baharia mmoja alifariki katika bandari ya Helsingborg baada ya kushuka kwenye ngazi iliyopakana na shehena ya peleti melini. Ilikuwa rahisi kuliona tukio hilo kama suala la meli, lenye maelfu ya tani na safari ya majuma mengi. Vifo vilivyofuata viliondoa faraja hiyo. Mwaka 2010 mtu alifariki nchini Ujerumani katika ghala la tani zaidi ya 150. Mwaka huohuo mwingine alifariki nchini Ireland katika ghala la tani 7 tu. Mwaka 2011 kifo kingine kilitokea Uswisi, katika ghala lililohudumia kaya kadhaa.

Tani 7 ni kipimo cha nyumba ya kawaida. Hapo ndipo mfano wa tangi la mafuta ulipovunjika. Hakuna mtu anayeingia ndani ya tangi la mafuta. Ghala la peleti lina mlango, na mwenye nyumba huufungua ili kuona kiasi kilichobaki au kuzibua parafujo iliyokwama. Aidha, kadiri chumba kilivyojengwa kwa uangalifu dhidi ya vumbi na unyevu, ndivyo gesi ilivyokosa pa kutokea. Itakuwa si haki kuwalaumu mafundi wa mwaka 2003 kwa kutoliona jambo hilo. Lakini kati ya mwaka 2004, onyo lilipochapishwa, na vifo vya 2010, muda ulikuwepo, na haukutumiwa ipasavyo.

Miongozo ya ujenzi ilibadilika katika miaka iliyofuata. Kiwango cha Ujerumani cha VDI 3464 cha mwaka 2015, na kile cha kimataifa cha ISO 20023 cha mwaka 2018 kuhusu peleti katika makazi na matumizi madogo, viliufanya upitishaji wa hewa kuwa sharti la ghala lenyewe. Mlangoni hubandikwa tangazo la kuonya: zima boila, acha mlango wazi kwanza, usiingie peke yako. Kwa maghala madogo yenye mabomba mafupi hapakuhitajika kubomoa ukuta. Vifuniko vilivyokazwa viling'olewa kwenye midomo miwili ya mabomba, na mahali pake vikawekwa vifuniko vyenye matundu, vinavyozuia mvua na kuacha hewa ipite.