Kazi Ambayo Kanada Ilikataa

Tarehe 25 Juni 2024 vijana wa rika langu tunaikumbuka kwa Bunge: umati ulioingia ndani kupinga Mswada wa Fedha, na risasi zilizofuata. Lakini siku hiyo hiyo, ndege iliyobeba kikosi cha kwanza cha polisi wa Kenya ilitua Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti. Na siku moja kabla, Rais Joe Biden alikuwa ameitangaza rasmi Kenya kuwa mshirika mkuu wa Marekani aliye nje ya NATO, nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kupewa cheo hicho.

Yaweke hayo matatu kwenye meza moja. Tunaambiwa mambo ya nje ni ya mabalozi kule Gigiri, na sisi wa Mowlem tubaki na bei ya unga na nauli ya matatu. Si kweli. Polisi anayetumwa ng'ambo ndiye huyo huyo tunayekutana naye usiku hapa mtaani.

Wengi hudhani safari ya Haiti ilianzia Ikulu ya Nairobi. Hapana. Kabla kazi hiyo itufikie, ilipita Kanada, na Kanada ikaikataa.

Hebu turudi nyuma kidogo. Julai 2021, Rais Jovenel Moïse wa Haiti aliuawa nyumbani kwake. Magenge yakazidi nguvu, na Oktoba 2022 waziri mkuu Ariel Henry akaomba kikosi kutoka nje. Marekani haikutaka kuongoza. Ilikuwa imeikalia Haiti kijeshi kuanzia 1915 hadi 1934, na wanajeshi wake wakarudi tena 1994 na 2004. Macho yakageukia Kanada: ina watu wanaozungumza Kifaransa, ina Wahaiti wengi Montreal, na ina sifa ya kulinda amani tangu Lester Pearson apewe tuzo ya Nobel mwaka 1957 kwa kazi yake katika mzozo wa Suez. Biden alipozuru Ottawa Machi 2023, suala la Haiti lilikuwa mezani.

Justin Trudeau hakukubali kuongoza. Hoja yake ilikuwa kwamba kuingiliwa na nchi za nje huko nyuma hakukuwaletea Wahaiti utulivu wa kudumu. Mkuu wake wa majeshi, Jenerali Wayne Eyre, naye alieleza wazi wasiwasi kwamba jeshi halina uwezo wa kutosha kwa kazi hiyo.

Wengine watasema ni uoga. Mimi naona Kanada ilikuwa na mengi ya kukumbuka, na baadhi yalitokea hapa jirani. Mwaka 1993, wanajeshi wa kikosi chake cha miavuli waliokuwa Beledweyne, Somalia, walimtesa kijana wa Kisomali wa miaka 16 hadi akafa. Kashfa hiyo ilitikisa Ottawa. Kikosi kizima kilivunjwa mwaka 1995, na tume ya uchunguzi ikakaa hadharani, ingawa serikali iliikatiza kabla haijamaliza kazi. Mwaka 1994 ikawa zamu ya Rwanda, ambako Mkanada Roméo Dallaire, kamanda wa kikosi cha Umoja wa Mataifa, aliomba nguvu zaidi na akanyimwa huku watu wakichinjwa.

Haiti kwenyewe kulikuwa na funzo lingine. Wanajeshi wa Kanada walikuwa huko mwaka 2004, Rais Aristide alipoondoka. Kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichofuata kilikaa hadi 2017, na mwaka 2010 kipindupindu kikaingia nchini kupitia kambi ya walinda amani hao. Karibu watu 10,000 walikufa.

Kwa hiyo kiti kilibaki wazi. Tarehe 29 Julai 2023, Kenya ikatangaza iko tayari kuongoza na kutoa askari 1,000. Wakati huo hatukuwa hata na uhusiano rasmi wa kibalozi na Haiti. Ulianzishwa Septemba, pembeni ya mkutano wa Umoja wa Mataifa New York. Oktoba 2, Baraza la Usalama likaidhinisha ujumbe. Novemba, Bunge letu likapitisha.

Hapo ndipo raia walipouliza swali lao. Ekuru Aukot na wenzake walikwenda Mahakama Kuu, na Januari 26, 2024, Jaji Chacha Mwita akaamua kwamba Baraza la Usalama wa Taifa halina mamlaka ya kutuma polisi nje ya nchi. Katiba inaliruhusu kutuma majeshi, na polisi si jeshi. Ili polisi waende, sheria inataka makubaliano na nchi inayowapokea.

Serikali ikatafuta makubaliano. Henry akaja Nairobi, na Machi 1 yakatiwa saini. Akiwa bado nje, magenge yakashambulia uwanja wa ndege wa Port-au-Prince na akashindwa kurudi kwao. Siku chache baadaye akatangaza kwamba atajiuzulu. Yaani karatasi yetu ilisainiwa mbele ya mtu ambaye hakuweza tena kuingia nchini mwake.

Kanada nayo haikujitoa kabisa. Iliahidi zaidi ya dola zake milioni 80 kwa ujumbe huo na ikapeleka wakufunzi Jamaica kuwafunza wanajeshi wa nchi za Karibi. Kwa lugha ya mtaa: wao walitoa pesa, sisi tukatoa watu.

Sisemi Haiti iachwe. Ni nchi ya watumwa waliojikomboa wenyewe na kutangaza uhuru mwaka 1804, na Mwafrika yeyote ana deni la heshima kwao. Wala Kenya si mgeni wa kazi hii. Wanajeshi wetu walikuwa Namibia mwaka 1989 wakati wa safari ya uhuru. Anayesema tuna wajibu kwa ndugu zetu ana hoja nzito. Lakini udugu hauondoi swali la nani aliamua.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo iliponishinda. Rafiki yangu mmoja hapa Mowlem alichukua njia nyingine, akaingia polisi. Kwa vijana wengi wa Eastlands hiyo ndiyo kazi ya serikali inayofikika. Siku ile ya Juni yeye alikuwa amevaa kofia ya chuma katikati ya mji, na wenzetu wengine walikuwa upande wa pili wa moshi. Kufikia Julai 1, Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu watu 39 waliouawa katika maandamano. Februari 2025 tukapata habari ya askari wa kwanza wa Kenya kuuawa Haiti. Septemba mwaka huo, Baraza la Usalama likaamua ujumbe ule, ambao haukuwahi kufikisha watu 2,500 waliokusudiwa, ugeuzwe kikosi kipya cha zaidi ya watu 5,000.

Maombi mengine ya namna hii yatakuja, maana nchi iliyosema ndiyo mara moja huwa ya kwanza kupigiwa simu. Ninachotaka ni kidogo: kabla ndege haijaruka, tuambiwe nani aliikataa kazi hiyo kabla yetu, na kwa sababu gani. Halafu polisi wanaopelekwa kutuliza mitaa ya wengine wajibu kwanza kuhusu mitaa yetu.